Kiti Namba Tatu, Basi la Saa Sita

Walimwita Bi Dirisha, na jina hilo lilimganda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Miaka nenda miaka rudi alikuwa nyuma ya dirisha la tiketi la kampuni ya mabasi ya masafa marefu, dirisha lenye nondo nene na kitundu cha kupitishia mkono. Alikuwa mnene wa mashavu, mwepesi wa kucheka, na hakuwa na simile na waruka foleni. Mtu akijipenyeza mbele ya wenzake alimwambia, "Rudi nyuma, baba. Hata ukikata tiketi ya kwanza, basi litaondoka nanyi nyote pamoja." Foleni nzima ikaangua kicheko, na mjanja akarudi nyuma akijifanya kuna mtu anampigia simu.

Kabla hajakata tiketi ya mtu yeyote alikuwa na mazoea ya kumtazama usoni na kumuuliza, "Safari ya heri?" Wengi walijibu heri, wakachukua tiketi, wakaenda zao. Lakini hazikupita siku nyingi bila kutokea mmoja ambaye swali hilo lilimkuta vibaya. Midomo inamcheza, macho yanajaa, anageuza uso asionekane na walio nyuma yake. Huyo hakuulizwa la pili. Bi Dirisha alimpa kiti namba tatu.

Kiti hicho kilikuwa nyuma ya dereva, upande wa dirishani, na kila asubuhi alikiacha bila kukiuza mpaka injini inapowashwa. Hakuna bosi aliyemwagiza, wala hakuna karatasi iliyosema hivyo. Madereva walijua na walifunga midomo yao. Ikitokea hakuna mwenye msiba wala mgonjwa, kiti kilichukuliwa na mchelewaji yeyote, na mara nyingine basi liliondoka nacho kikiwa kitupu. Sasa kampuni haipendi kiti kitupu, na mkaguzi alikuwa na macho ya mwewe. Kwa hiyo kwenye taarifa ya siku, Bi Dirisha aliandika mbele ya kiti namba tatu maneno mawili: mkanda mbovu. Akatia saini, akaenda kula.

Aliyajifunza haya kwa uchungu. Alikuwa bado msichana wa shule ya bweni baba yake alipozidiwa, na alipofika kituoni mwanamume wa dirishani alimwambia "pamejaa" bila hata kuinua kichwa. Alifika kwao kesho yake akakuta turubai limefungwa uani na watu wamekaa chini. Mama yake alimkumbatia akamwambia baba alikuwa akiuliza kila mlango unapolia. Neno hilo lilimkaa kifuani. Alipopata kazi ya dirishani alijiapiza kwamba hakuna mtu atakayechelewa kwa sababu yake, na kwa mama yake ndiko asingechelewa hata kwa mtutu wa bunduki.

Mama huyo sasa alikuwa mtu mzima sana, moyo unamsumbua, anaishi na binti yake mdogo katika mji ulio mwisho wa njia ya basi la saa sita. Kila Jumapili alipiga simu. "Utakuja lini?" anauliza. "Mwezi ujao, mama." "Mwezi ujao nitakuwepo?" Halafu wanacheka wote wawili, lakini Bi Dirisha akikata simu hakuwa na kicheko.

Ndipo kampuni ikabadili ngozi. Mkurugenzi aliwakusanya wafanyakazi kwenye yadi, akapanda juu ya kreti ya soda, akatangaza: "Kuanzia leo sisi si kampuni ya mabasi tena. Sisi ni kampuni ya teknolojia inayosafirisha watu." Makanika mmoja aliyekuwa amelala chini ya gari alitoa kichwa akauliza, "Na haya ninayoyapaka grisi ni nini, bosi?" Watu walicheka hadi mkurugenzi naye akacheka.

Tusiwe wachoyo wa ukweli lakini. Kampuni ilikuwa inaumwa. Leo mabasi yanaondoka nusu tupu, kesho watu wanalala kituoni kwa kukosa nafasi. Wapiga debe walikuwa wanauza kiti kimoja kwa watu wawili halafu wanakula kona. Vifurushi vilipotea njiani visionekane tena. Kwa mfumo mpya mtu angekata tiketi kwa simu akiwa kitandani kwake, angeona kiti chake, angeona basi liko wapi barabarani, nauli ingepanda na kushuka yenyewe kufuata wingi wa watu. Kampuni ndogondogo za njia ile, zilizokuwa zikipigana vikumbo kituoni, ziliingizwa viti vyake kwenye mfumo huohuo, zikawa zinalipia kuuziwa. Mkurugenzi hakuwa mjinga. Alikuwa ameona kwamba mali yake si magari bali ni kujua nani anataka kwenda wapi.

Aliyeujenga mfumo alikuwa dada mmoja mpole, mwembamba, mwenye heshima zake. Wote walimwita Fundi wa Mfumo. Alikuja na kiti chake, akakaa kando ya Bi Dirisha wiki nzima, akauliza kila kitu na kusikiliza kila jibu. "Shangazi, sitaki tupoteze unachokijua," alisema, na alikuwa anamaanisha. Bi Dirisha alimpenda. Alimweleza siku za shule kufungwa, alimweleza wazee wasiopenda kukaa juu ya tairi, alimweleza mtu wa kutapika akae wapi. Dada wa watu aliandika yote na yote akayatia kwenye mfumo.

Siku ya mwisho akauliza, "Shangazi, kuna kitu sikielewi. Kiti namba tatu. Kwa miaka yote hii kinauzwa dakika ya mwisho au hakiuzwi. Kwa nini?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema, na Bi Dirisha alijua. Ulimi ulifika kwenye meno. Lakini mlangoni alikuwa amesimama mkaguzi, na nyuma ya swali lile aliiona miaka ya taarifa zenye saini yake, zote za uongo. Watu walikuwa wanapunguzwa kazini.

"Mkanda mbovu," alisema.

"Kwenye mabasi yote?"

"Yote, mwanangu. Ni kiti chenye mkosi."

Jamani! Mwezi haukuisha, kampuni ikabadilisha mikanda ya kiti namba tatu kwenye kila basi, mipya, ya kung'aa, na mkurugenzi akawaonyesha wageni wake jinsi takwimu zilivyofichua hasara iliyokuwa haionekani. Madereva walimwangalia Bi Dirisha kwa pembe ya jicho. Naye alicheka pamoja nao, na nyumbani alikaa kitandani ameshika tama.

Mfumo ulipowashwa, kiti namba tatu kilikuwa cha kwanza kuisha kila siku, kwa kuwa kilikuwa na mandhari nzuri na mkanda mpya. Dirisha lilizibwa kwa mbao na kupakwa rangi ya kampuni. Bi Dirisha hakufukuzwa. Walimpandisha ghorofani, kwenye chumba chenye kompyuta nane na baridi ya kuumiza mifupa, wakampa vifaa vya kusikilizia vya kuvaa kichwani. Kazi yake ilikuwa kujibu wateja wenye shida. Kulikuwa na majibu ya tayari: unabonyeza kitufe, mteja anapelekewa "Tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza," unaendelea na mwingine. Wenzake walikuwa vijana, walimfundisha kwa upole, na siku ya kwanza alipojibu ujumbe wa mteja kwa kuandika "Safari ya heri?" walicheka mpaka machozi. Mteja alikuwa anauliza choo kiko wapi.

Mara kadhaa walikuja kwenye simu yake watu wa kiti namba tatu. Aliwajua kwa pumzi zao. Hakuwa na la kuwapa ila kitufe. Kila mara alijiambia kwamba kesho atamfuata Fundi wa Mfumo amweleze, afungue kiti kimoja tu, na kila kesho ilipofika aliona aibu ya kukiri uongo wake wa miaka yote imekuwa nzito kuliko jana. Wala yule dada asingemkatalia. Hilo ndilo linalouma.

Asubuhi moja mdogo wake alipiga simu katikati ya kazi.

"Dada, njoo."

"Kuna nini?"

"Njoo leo. Usiseme kesho, dada, njoo leo. Anakuuliza."

Bi Dirisha alivua vifaa vya kichwani. Alifungua basi la saa sita kwenye kompyuta: limejaa. Akafungua kampuni nyingine za njia ile: zote zimejaa, kwani zote sasa zilikuwa chungu kimoja. Nafasi ya karibu ilikuwa kesho yake. Aliteremka mbio hadi yadi kwa dereva wa basi hilo, mtu waliyefahamiana tangu wote wana nywele nyeusi. "Nitasimama, kaka. Nitakaa hata kwenye ngazi." Dereva alimwonyesha kamera ndogo iliyobandikwa juu ya kioo, ile inayohesabu vichwa. Macho yake yalikuwa mekundu. "Kikizidi kichwa kimoja gari halinipi ruhusa ya kuondoka, dada. Na mimi nina watoto."

Alirudi ghorofani roho mkononi. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na amri ya kuhamisha abiria, iliyowekwa kwa ajili ya basi linapoharibika. Unachagua mtu, unampeleka safari nyingine, kiti chake kinabaki wazi. Wafanyakazi walikuwa wameapishwa wasiichezee.

Angeweza kusimama mlangoni mwa basi akaomba. Hilo nimelifikiria sana, na nadhani mtu angesimama akampisha, maana watu bado wana utu ukiwakabili uso kwa uso. Lakini alikuwa ameshazoea skrini, na muda ulikuwa unayoyoma, na alikuwa anamwona mama yake anageuka kila mlango unapolia. Akaifungua orodha ya abiria. Huyu ana watoto wawili, hapana. Huyu mzee, ameomba msaada wa kupanda, hapana. Hawa wawili ni maharusi au ndugu, wamekaa pamoja, hapana. Kisha akakifikia kiti namba tatu: mwanamume, mmoja, hana mzigo wowote, tiketi imekatwa leo alfajiri. Akajiambia huyu ni mtu wa shughuli nyepesi, anaenda na kurudi, kesho itamfaa vilevile. Akabonyeza, kiti kikawa wazi, akajikatia yeye.

Kwenye basi alikaa akavuta mkanda ule mpya, ukafunga bila kelele. Kupitia dirishani aliwaona abiria wa mwisho wakipita kwenye geti la kusoma tiketi. Alikuwepo mwanamume mmoja mwenye ovaroli yenye matone ya rangi ya nyumba, ameinua simu yake juu, anamwonyesha binti wa getini, na taa ya geti inawaka nyekundu. Binti alitikisa kichwa. Mwanamume akaonyesha tena. Bi Dirisha alivuta pazia.

Alimkuta mama yake. Mama alifumbua macho, akamtazama kwa muda, akasema, "Umekuja. Umekula?" Akamjibu amekula, ingawa tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu mdomoni. Mama akamshika kidole kimoja tu, cha katikati, akakishika hivyo usiku kucha na asubuhi yake, na jua lilipopanda mkono ukalegea. Bi Dirisha alilia kilio cha mtu aliyewahi. Ndugu walisema ana bahati, na yeye mwenyewe aliamini hivyo kwa siku zote za msiba. Aliwaambia waombolezaji kwamba Mungu alimfungulia njia.

Aliporudi kazini alikuta ujumbe umejazana, na mfumo unagawa bila kuchagua nani apate upi. Mmoja uliomwangukia ulikuwa mrefu, umeandikwa kwa uangalifu wa mtu asiyezoea kuandika.

"Habari zenu wahusika. Mimi ni fundi rangi. Silalamiki. Ninaomba kueleweshwa tu. Nilikata tiketi ya basi la saa sita, kiti namba tatu, baada ya kupigiwa simu alfajiri kwamba mke wangu aliyelazwa amezidiwa. Nilitoka kazini na nguo nilizovaa. Nilipofika getini niliambiwa tiketi yangu ni ya kesho yake, na dada wa getini akasema pengine nilibonyeza vibaya. Nilikaa kituoni nikiiangalia simu. Nilifika kesho yake, wakanipeleka chumba cha maiti. Binti yangu mkubwa ndiye alikuwa na mama yake. Mpaka leo hasemi na mimi. Anasema mama alikuwa anauliza baba yuko wapi, na mimi nilishindwa kubonyeza simu. Nawaomba mnieleze nilikosea wapi, ili nijue. Asanteni na poleni na kazi."

Bi Dirisha aliusoma mpaka mwisho, akaanza tena. Hana mzigo. Tiketi ya alfajiri. Miaka yote ile nyuma ya nondo, mtu asiye na mzigo aliyekuja kabla ya jua kuchomoza, angemjua kabla hajafungua mdomo. Angemjua akiwa bado yuko mbali kwenye foleni. Kwenye skrini alimsoma akaona mtu wa shughuli nyepesi. Mtu wake mwenyewe, yule aliyemwekea kiti miaka yote, ndiye aliyemtoa.

Kompyuta ilikuwa imeshampendekezea jibu la tayari: tunasikitika kwa usumbufu, tafadhali hakikisha tarehe kabla ya kuthibitisha tiketi yako, upokee punguzo la safari ijayo. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Angebonyeza, ujumbe ungefungwa, na fundi rangi angeendelea kuamini kwamba ni mkono wake. Hakuna ambaye angejua.

Badala yake alipiga namba ya yule mtu. Sauti ya mfumo ikatangaza, kama inavyotangaza daima, kwamba mazungumzo haya yanarekodiwa. Aliisikia vizuri.

"Haloo," alisema mwanamume. Nyuma yake kulikuwa na mlio wa sufuria na mtoto mdogo akiimba peke yake.

"Baba, shikamoo... samahani, habari za hapo. Napiga kutoka kampuni ya mabasi. Nimesoma ujumbe wako. Pole sana. Pole mno."

"Asante, mama. Sikutegemea mtu atapiga. Nilitaka tu kujua nilikosea wapi."

"Hukukosea."

"Dada wa getini alisema..."

"Hakujua. Hukubonyeza vibaya, baba. Tiketi yako ilikuwa ya siku ileile, saa ileile. Mimi ndiye niliyekutoa. Mama yangu alikuwa anakata roho. Basi limejaa. Nikakuhamisha, nikakaa kwenye kiti chako. Nilikuona getini. Nikavuta pazia."

Mtoto aliendelea kuimba. Kisha sufuria ikanyamaza. Bi Dirisha alisubiri atukanwe, na kwa kweli alitaka atukanwe. Chumbani wenzake walikuwa wameacha kuchapa, wanamtazama.

"Ulimkuta?" mwanamume aliuliza mwishowe.

"Nilimkuta."

"Aliongea?"

"Aliongea kidogo."

Mwanamume alishusha pumzi ndefu, ikasikika kwenye simu kama kitu kinachoburutwa. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imegeukia pembeni, mbali na simu, ikimwita mtu. Aliita mara ya kwanza, hakuitikiwa. Aliita tena, kwa kubembeleza. Miguu ikasikika ikija polepole, miguu ya mtu asiyetaka kuja.

"Mama," alimwambia Bi Dirisha, na hapo ndipo sauti ilipomvunjika, "binti yangu yuko hapa. Nimemwekea simu sikioni. Hilo ulilosema mwanzo, kwamba sikubonyeza vibaya. Mwambie yeye."

Bi Dirisha alifuta uso kwa kiganja. Upande wa pili msichana alikuwa anapumua.

"Mwanangu," alianza, akamweleza tena tangu mwanzo.